Mama Hulda, Aliyeuliza Uvimbe Umeanzia Wapi

Jumatatu tarehe 30 Juni 2003, Mama Kavira Hulda atatimiza miaka thelathini na sita ya kazi katika hospitali yetu ya misheni hapa Butembo, na siku hiyohiyo atastaafu. Ni sikukuu ya Uhuru wa Kongo. Tulimshauri aage Ijumaa kama watu wengine, akakataa. Mkataba wake ulianza tarehe mosi Julai 1967, basi siku ya mwisho ni hiyo, gwaride liwepo au lisiwepo. Kwa hiyo sherehe ni Jumatatu, ndugu zangu, saa nne kamili, na atakayechelewa anajua jina lake litaandikwa wapi.

Mimi Sikuli Luc, muuguzi wa wodi ya watoto, nimeombwa niandike maneno haya kwa sababu, kamati ilisema, hakuna mtumishi aliyegombezwa na Mama Hulda mara nyingi kuliko mimi. Ni kweli tupu. Najivunia, na leo nitaeleza kwa nini.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini, binti wa Kiprotestanti kutoka milima ya Lubero, aje kufua bandeji. Alizifua miaka minne. Lakini kila mgonjwa wa zamani aliporudi na kadi yake haionekani, yule mfuaji alikuwa akiinua kichwa kwenye beseni na kusema: huyu alikuja wakati wa mavuno ya maharagwe, mguu wa kushoto, alilala siku tisa. Wakienda kutafuta wanakuta ni hivyo hivyo. Mwaka 1971 wakubwa wakachoka kuaibika, wakampa chumba cha kadi na ufunguo wake. Ufunguo huo hajaupoteza hata siku moja, ingawa vita viwili vimepita juu ya vichwa vyetu.

Jambo la kwanza alilolifanya mule chumbani lilizua maneno. Kadi zilikuwa zikipangwa kwa namba ya kufika, na mtu akipoteza karatasi ya namba anakuwa mtu mpya kabisa. Mama Hulda akazipanga upya kwa bahasha, bahasha moja kwa nyumba moja, na juu ya kila bahasha jina la mama. Wanaume walinung'unika. Alijibu kwa Kiswahili chetu cha hapa: “Namba inapotea, baba anaenda machimbo, lakini hakuna mutu anasahau jina ya mama yake.” Mabishano yakaishia hapo. Baadaye vita vilipotawanya watu, wengi walifika kwetu bila karatasi yoyote, nasi tukawajua kwa mama zao.

Kisha mwaka 1995 kilikuja kitabu cha namba za magonjwa. Kwa wageni wetu wa Jumatatu nieleze kidogo: kila mgonjwa anayetoka hospitalini, ugonjwa wake hupewa herufi na namba, ili anayehesabu Kinshasa au ng'ambo ajue tunasema jambo lile lile. Kitabu chetu kilikuwa nakala ya mashine, na aliyekinakili alikuwa ameruka kurasa zote za herufi K, mahali penye meno, mate na matumbo. Mtu mwingine angesema basi, magonjwa ya K hatuna. Mama Hulda alipanda lori la viazi akashuka Beni, kilomita hamsini na nne, akakaa siku tatu katika ofisi ya watu akinakili kurasa zile kwa mkono, akarudi na vumbi hadi kwenye kope. Akazishona ndani ya kitabu kwa uzi wa kushonea vidonda. Kitabu hicho mtakiona Jumatatu, lakini msikiguse.

Sasa niingie kwenye nyuso, maana ndipo alipotufundisha kazi.

Kitabuni mna namba R22.0. Ni ya uvimbe wa kichwa ambao chanzo chake hakijulikani. Muuguzi akichoka, na foleni ikiwa imefika getini, R22.0 ni rafiki mkubwa. Shavu limevimba, R22.0. Jicho limefumba, R22.0. Mama Hulda alikuwa na kisanduku cha mbao kwa kadi hizo, na juu yake aliandika kwa herufi kubwa: WAVIVU. Kila Ijumaa alikibeba kwapani na kupita nacho wodini. Alisema uso unavimba kwa sababu zaidi ya ishirini, na kila sababu ina namba yake: jino lililooza, matubwitubwi, nyuki, ngumi ya mume, figo, bwaki ya mtoto aliyekosa chakula. Anayeandika uvimbe tu ameandika kile ambacho hata jirani wa mgonjwa amekiona. Mimi alinirudishia kadi na swali ambalo wodi nzima inalijua kwa moyo: “Sikuli, huyu mutu ulimuangalia na macho ao na bic, kalamu yako?”

Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini mwingine huumbuliwa na Mama Hulda. Mwaka 1999 alifika mwanamume kutoka machimbo ya Manguredjipa, shavu la kulia limejaa, usaha unanuka, na kinywa hataki kufungua. Daktari akamwomba, akatikisa kichwa. Mimi, niliyekuwa zamu ya mapokezi, bila aibu nikaandika uvimbe wa shavu, labda saratani. Mama Hulda alikuwa amekaa dirishani. Aliona kwamba yule bwana ameletewa chai mara mbili na hakunywa, na kila askari akipita uani anageuza uso ukutani. Akamwendea, akamnong'oneza kitu sikioni, wakaingia chumba cha kadi, mlango ukafungwa. Walipotoka shavu lilikuwa limepungua nusu. Kumbe bwana yule alikuwa amepita vizuizi vinane vya askari na kipaketi cha dhahabu kati ya fizi na shavu, siku nne, mpaka nyama ikaoza! Mama Hulda aliandika T18.0, kitu kigeni kinywani. Daktari alipouliza ni kitu gani, alijibu kwamba kitabu hakidai jina la kitu. Nimesubiri mpaka leo kulisema hili, na dhahabu yenyewe imeshakuwa nyumba ya matofali.

Askari nao aliwajulia. Wale waliofanya kambi karibu na hospitali walikuja siku moja kutaka karatasi za kusokotea tumbako. Aliwakaribisha, akawapa kalenda kuukuu za misheni, miaka kumi kamili, akawahakikishia kwamba karatasi yake inawaka polepole. Walirudi kila mwezi kumsalimu. Hakuna kadi hata moja iliyovutwa.

Basi tufike mwaka 2001. Hapo sitacheka.

Mwanzoni mwa mwaka huo watu wa upande wa Kamango walikimbia vita. Wengi walibaki Beni, wengine wakapanda mpaka kwetu. Waliwekwa katika madarasa ya shule, familia sita chumba kimoja, wakilalia majani, bila sabuni, maji ya kuoga ni hadithi. Mwezi wa pili watoto wao wakaanza kuletwa na nyuso zimevimba. Asubuhi macho hayafunguki. Sote tuliona wakimbizi, tukaona njaa, tukasema bwaki. Nani angesema kingine? Bwaki tunaijua tangu tukiwa wadogo: chakula hakuna, mtoto anavimba. Namba yake ni E40. Niliandika E40 kadi kwa kadi bila kuinua kichwa.

Na dawa ya bwaki ni kula. Tuliwapa maziwa na uji wa masoso, ule wa mahindi, mtama na soya. Na kwa kuwa sisi ni watu wa hapa, tuliwaambia akina mama waweke kipande cha makayabo ndani ya uji, yule samaki wa chumvi, mtoto apate nguvu na ladha. Mimi mwenyewe nilikuwa napita na kijiko changu nikionja. Uji usio na makayabo nilikuwa naurudisha jikoni.

Kati ya akina mama hao alikuwamo Anne-Marie, na binti yake Falonne, miaka saba. Sijaona mama aliyelisha mtoto kwa bidii kama ile. Kila kijiko alikipuliza kabla ya kumpa. Falonne alikula, na alivyokula ndivyo alivyozidi kuvimba. Siku ya nne alishikwa na degedege, akafa. Ilikuwa tarehe 9 Machi. Kwenye kadi na kwenye karatasi ya kifo niliandika E40, na chini yake, kwa mkono wangu huu, nikaongeza: mtoto hakulishwa vya kutosha.

Karatasi ile ilikwenda na Anne-Marie Beni, kwa familia ya mume wake. Huko ilisomwa mbele ya watu. Mama mkwe akaitazama ile sentensi, akamtazama mkwewe, akaona mkwewe ana mwili ilhali mtoto amekufa na njaa. Akasema mwanamke huyu alikula chakula cha mtoto njiani. Matanga yakakaliwa uani, na Anne-Marie hakupewa mkeka wa kukaa na wafiwa. Habari hizo zilitufikia kwa dereva wa lori, zikamfikia na Mama Hulda. Wiki ile ile watoto wengine wawili walikufa wodini, na kumi na mmoja walikuwa bado vitandani, nyuso zimejaa.

Mama Hulda alikuja na kadi tatu za marehemu mkononi. Aliniuliza: “Hawa batoto walianza kuvimba wapi, miguu ao macho?” Nilikuwa nimechoka, nikamjibu vibaya. Nilimwambia watoto wanakufa, na yeye ananiuliza miguu. Akasema, bila hasira, kwamba ndiyo sababu anauliza: “Ni ile njo naulizia.” Akaanza kitanda cha kwanza. Alibonyeza miguu kwa kidole gumba, akashika nywele, akauliza kila mama. Kuuliza si ujinga, ndiyo, lakini sisi tulikuwa na wiki tano bila kuuliza. Mama wote walijibu sawasawa: macho kwanza, asubuhi, miguu baadaye. Bwaki huanza chini. Nywele zao zilikuwa nyeusi na ngumu. Na walikuwa na miaka mitano mpaka tisa, ilhali bwaki humpenda yule mdogo aliyeachishwa ziwa juzi.

Kutoka hapo alirudi chumbani kwake akatoa bahasha kumi na nne, moja moja kwa jina la mama. Katika kila bahasha alikuta kadi nyingine ya mtoto yule yule, ya wiki tatu au nne nyuma, alipotibiwa nje na kurudishwa shuleni: upele, vidonda vya usaha. Zote kumi na nne. Alizipanga juu ya meza ya Daktari Kasonia, upele kushoto, uso kulia, akasimama kando na mikono nyuma.

Daktari Kasonia aliomba mkojo wa watoto. Akina mama walituambia ulikuwa mweusi kama kahawa tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyekuwa amewauliza. Maabara waliuchemsha, ukaganda kama ute wa yai. Kupima msukumo wa damu ikawa shida, kwani kitambaa cha kipimo kilikuwa cha mkono wa mtu mzima. Mama Hulda akakata kimoja kilichopasuka, akakishona kidogo kwa uzi ule ule wa kitabu. Watoto wale walikuwa na msukumo wa damu wa matajiri wanene! Figo zilikuwa zimeugua. Uchafu wa vidonda vya upele uliingia ndani ukaenda kuzishambulia, maji yakashindwa kutoka, na chumvi yetu ya makayabo ikawa inayazuia zaidi.

Yesu wangu. Nilikaa chini pale pale sakafuni.

Siku hiyo makayabo yalitoka wodini. Chumvi ikatoka, maji yakapimwa kwa kikombe, dawa ya kukojoza ikaanza, na sindano za penisilini. Madarasani kukapelekwa dawa ya upele. Mama Hulda alifuta E40 akaandika N00, ugonjwa wa figo. Wale kumi na mmoja walipona wote, na hadi mwisho wa Mei wakaja wengine ishirini na watatu. Tulimzika mmoja tu, aliyefika tayari na degedege. Thelathini na watatu walirudi kwa miguu yao wenyewe. Nataka hesabu hii isomwe Jumatatu kwa sauti kubwa, na atakayepiga makofi apige vizuri.

Si kila mtu alifurahi. Msimamizi wa hospitali wa wakati huo, mtu mwema, alimwita. Maziwa yaliletwa kulingana na hesabu ya bwaki, na hesabu ikishuka magunia nayo yatashuka. Alimwomba aache namba kama zilivyokuwa, walau mpaka mavuno. Mama Hulda alijibu kwamba wenye njaa wapo wengi na atawahesabu wote mpaka wa mwisho, lakini huyu mwenye figo hatamfanya mwenye njaa, kwa sababu tukimhesabu hivyo tutamlisha hivyo. Mwezi wa nne magunia yalipungua kweli. Jikoni walimnunia, hata salamu wakamnyima. Aliendelea kuwasalimu. Mwezi wa tano waliokuwa wanaleta maziwa walisoma orodha yake, wakaleta sabuni, lori zima, na upele ukaisha madarasani.

Zikabaki zile kadi tatu za marehemu. Kwa Mama Hulda kadi haifutwi wala haitupwi. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa, kosa liendelee kusomeka, unaandika ukweli pembeni, unatia tarehe na jina lako. Nilimwendea faragha nikampa wazo la kuandika kadi mpya, tuzichome zile za zamani, maana wafu hawasomi. Alinitazama mpaka nikaangalia viatu vyangu. Akaniwekea kadi mezani pamoja na kalamu. Nilipiga mstari juu ya E40. Nilipiga mstari juu ya ile sentensi. Nikatia jina langu, Sikuli Luc, mara tatu. Nilidhani yamekwisha. Akasema: “Muzuri. Ijumaa tunashuka Beni.”

Tulishuka Beni. Joto lilikuwa kali. Katika uwanja wa familia kahawa ilikuwa imeanikwa, na Anne-Marie alikuwa anaigeuza peke yake, mbali na wengine. Mama Hulda alimsalimu mama mkwe kwa Kinande, kwa heshima zote, akamwomba awaite watu wa nyumba, wote, wale wale waliosikia karatasi ya kwanza ikisomwa. Walikuja. Akanipa kadi ya Falonne akasema nisome, kwa kuwa ni maandishi yangu.

Nilisoma. Nilisema mtoto huyu hakufa na njaa, alikufa na figo. Nilisema sentensi ile niliiandika mimi, bila kuuliza, na ilikuwa ya uongo. Mtu mmoja akauliza habari ya makayabo, kwani walikuwa wamesikia, nikasema ni sisi tuliomwamuru ayaweke, yeye alitii. Kahawa ilinukia sana.

Anne-Marie alikuwa bado ameinamisha uso. Aliongea taratibu, si kwangu, kwa Mama Hulda:

“Basi, nilikuwa namulisha?”

“Ulimulisha muzuri, mama,” akasema Mama Hulda. “Sana. Ni siye tulikosea.”

Kisha mama mkwe aliinuka, akaingia ndani, akatoka na mkeka wake mwenyewe wa kulalia. Akautandika katikati ya uwanja, akamshika Anne-Marie mkono akamkalisha juu yake, akakaa naye, akapiga kilio. Wanawake wa jirani wakasikia wakaja. Falonne akaliliwa mara ya pili, mchana kweupe, na safari hii mama yake alikuwa katikati. Mama Hulda alivua viatu akakaa nao mpaka jua likainama. Nami nilikaa.

Wakubwa watamsifu Jumatatu kwa miaka thelathini na sita na kadi zaidi ya laki moja, nao watasema kweli. Mimi namsifu kwa siku ile. Nilikuwa muuguzi kwa cheti tangu 1988. Muuguzi hasa nilianza kuwa pale kwenye mkeka.

Wasingya kutsibu, asante sana, Mama Hulda. Kwa niaba ya wodi, maabara, jiko na hata hao walionuna, tunakushukuru. Upumzike Lubero kwa afya na amani, maharagwe yako yaitike, wajukuu wakuchoshe. Na Anne-Marie ametuma ujumbe kwamba anapanda kutoka Beni kwa ajili ya Jumatatu, pamoja na mama mkwe wake. Wameomba wakae mbele, karibu nawe, na wanakuja na mkeka wao.